Watu tisa, Chicago na New York: uchambuzi wa kisa cha kundi lililotaka kukesha pamoja

Kundi lina watu tisa. Wanne wanatoka Afrika Mashariki, wawili Dar es Salaam na wawili Nairobi. Watano wanaishi Marekani, wametawanyika Minneapolis, Columbus na Dallas. Mkubwa wao ana miaka 47. Mdogo, binamu anayesoma chuo Columbus, ana miaka 20. Wanakutana mwanzoni mwa Juni, Alhamisi hadi Jumanne, na wamekubaliana jambo moja tu: mchana kila mtu na hamsini zake, usiku wanatoka pamoja. Kundi hili ni la mfano. Tumelijenga makusudi likiwa na matatizo yote ya kawaida, kwa sababu safari za namna hii huharibikia mahali palepale kila mara. Saa zote humu ni za Kiswahili.

Mpango wao wa kwanza ulikuwa hivi: New York Alhamisi hadi Jumamosi, Chicago Jumapili hadi Jumanne. Hoteli Times Square. Ijumaa wachukue meza kwenye klabu ya Manhattan yenye kima cha chini cha dola 1,500. Jumamosi wapande baa ya juu ya paa waone taa za mji. Chicago wangeangalia wakishafika. Pembeni kulikuwa na orodha ndefu ya viwanja vilivyookotwa kwenye video fupi za mitandaoni, kimoja Harlem, kingine Brooklyn, kingine Queens, kana kwamba vyote viko Sinza au Westlands na bodaboda inasubiri nje.

Kasoro ya mpango huu haikuwa ladha. Klabu zilizotajwa si mbaya. Kasoro ni kwamba walitafuta klabu, wakati watu tisa wanapaswa kutafuta mtaa. Mtu mmoja au wawili wanaweza kuvuka mji mzima kwa ajili ya ukumbi mmoja, na wakikuta foleni ndefu wanageuza. Watu tisa wakizuiwa mlangoni husimama kando ya barabara nusu saa nzima. Watatu wanataka kurudi hotelini, wawili wanataka kula, mmoja simu imezima, halafu yanaitwa magari mawili yanayofika kwa kupishana dakika kumi na tano. Ikishafika saa 7 usiku kundi hilo halina usiku tena. Kwa hiyo swali la kwanza la kila usiku ni hili: mlango wa kwanza ukikataa, mlango wa pili uko umbali wa dakika tano kwa miguu? La pili: treni ya kurudi inatembea usiku kucha? Majibu yakiwa ndiyo mara mbili, ukumbi wenyewe ni suala dogo.

Umri wa miaka 20

Tuanze na binamu, kwa sababu peke yake anaweza kuvuruga usiku wote mitano, na mpango wa kwanza haukumtaja kabisa.

Umri wa kunywa Marekani ni miaka 21 katika majimbo yote. Chanzo chake ni sheria ya shirikisho ya 1984 iliyosema jimbo linaloruhusu chini ya hapo litakatwa fedha za barabara kuu. Moja baada ya jingine majimbo yakanyoosha mikono. Ukali wa mlangoni unatokana na leseni. Baa ikikutwa imemuuzia mtu wa miaka 20 inaweza kutozwa faini au kusimamishiwa leseni, na baunsa anaweza kupoteza kazi. Ndiyo maana mzee wa miaka 47 mwenye mvi naye ataombwa kitambulisho. Hakuna cha kukasirika hapo, na hakuna “mjomba, huyu yuko na sisi.”

Kitambulisho chenyewe ni pasipoti halisi. Picha ya pasipoti kwenye simu milango mingi huikataa. Sheria ya jimbo la New York inataja kwa majina vitambulisho ambavyo muuzaji akivitegemea anakingwa: leseni ya udereva au kitambulisho cha serikali cha Marekani au Kanada, pasipoti iliyo hai, na kitambulisho cha jeshi la Marekani. Kadi ya NIDA ya Tanzania haimo. Kitambulisho cha taifa cha Kenya hakimo, wala leseni ya udereva ya nchi zote mbili. Baunsa mwingine atakipokea kwa hiari yake, mwingine atakirudisha, na huwezi kujua mapema ni yupi yuko zamu. Liko pia tatizo la tarehe: kadi zetu huandika siku kabla ya mwezi, Wamarekani husoma mwezi kwanza, kwa hiyo 04.07 kwao ni tarehe 7 Aprili. Pasipoti huandika mwezi kwa herufi na kumaliza ubishi. Wanne waliotoka nyumbani watembee na pasipoti ndani ya mfuko wa zipu unaokaa mbele ya mwili, na nakala ibaki hotelini. Watano wa Marekani watumie vitambulisho vya majimbo yao, waangalie havijaisha muda.

Binamu asibebe kitambulisho cha dada yake. Kuazima au kughushi kitambulisho ili kunywa ni kosa la kisheria Illinois na New York, na mwanafunzi mwenye viza ana mengi ya kupoteza kuliko faini. Njia ya kweli ni kugawa kila usiku sehemu mbili. Sehemu ya kwanza iwe mahali anapoingia kihalali: tamasha la wazi, klabu ya jazi inayopokea umri wote, au shoo iliyoandikwa 18+. Kwa shoo ya 18+ anaingia, anapigwa alama mkononi au ananyimwa ukanda wa mkononi unaoruhusu kununua pombe, anacheza, anakunywa soda. Sehemu ya pili, ile ya 21, mtu mzima mmoja kwa zamu anarudi naye au anakaa naye kula. Zamu ipangwe kabla ya safari. Ikipangwa mlangoni, atakayerudi ni yuleyule mpole kila siku, na siku ya tatu ananuna.

Hesabu ya meza

Kima cha chini cha dola 1,500 hakimaanishi bili ya dola 1,500. Ni kiasi ambacho ni lazima mtumie kwenye vinywaji, na juu yake huja mengine. Kodi ya mauzo ya Jiji la New York ni asilimia 8.875: dola 133.13. Bakshishi ya asilimia 20 kwenye meza ni karibu lazima: dola 300. Jumla imefika dola 1,933.13, na klabu nyingine huongeza ada ya uendeshaji ambayo siyo bakshishi. Binamu haingii, kwa hiyo wanagawana wanane: karibu dola 242 kila mmoja. Kwa fedha hiyo wanapata chupa mbili, pengine tatu, za pombe ambayo dukani ni ya makumi machache ya dola, kochi moja lisilowatosha, na usiku mzima wa kulinda kochi hilo.

Linganisha na usiku wa tiketi huko Brooklyn, kwa makadirio ya kawaida: tiketi na ada zake dola 35, vinywaji vitatu vya dola 15, bakshishi dola 2 kwa kila kinywaji, na treni kwenda na kurudi. Haifiki dola 95. Tofauti kwa watu wanane ni zaidi ya dola 1,100, ambayo ni usiku mwingine mzima na chakula chake.

Meza ina mahali pake. Las Vegas, au Miami Beach mwishoni mwa wiki, kundi lenye wanaume wengi kuliko wanawake linaweza kusubiri foleni hadi asubuhi bila meza, na hapo meza ni kiingilio chenyewe. Kundi letu lina wanaume sita. Kwa Chicago na New York, katika aina ya kumbi tutakazozitaja, uwiano huo si hoja ya mlangoni. Hoja ni wingi. Watu tisa wakisogea kwa pamoja huonekana kama fujo inayokuja, hata kama ni wazee wa kanisa. Waingie wawili wawili au watatu watatu, wakipishana dakika chache, kila mmoja na tiketi yake kwenye simu yake.

Baa ya juu ya paa nayo tuliiondoa kwenye usiku tukaipeleka jioni. Mengi ya maeneo hayo hutaka nafasi iwekwe mapema, na uzuri wake uko wakati jua linazama. Ni mahali pa kinywaji kimoja na picha. Saa 5 usiku hapana muziki wa maana, bei ni ileile, na lifti ina foleni.

Kupindua safari

Badiliko lililosaidia kuliko yote lilikuwa kugeuza mpangilio wa miji. Jumapili hadi Jumanne Chicago ni siku ambazo kumbi nyingi hulala. New York ina usiku wa wiki ulioshiba kuliko mji wowote wa Marekani, hasa kwenye jazi, kwa hiyo siku dhaifu zipelekwe huko. Mpango mpya: Chicago Alhamisi na Ijumaa, New York Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Ndege ya Jumamosi ikiondoka Chicago saa 5 asubuhi inatua New York karibu saa 8 mchana, kwa kuwa New York iko mbele kwa saa moja. Saa hiyo inayopotea ina maana: watu waliolala saa 10 alfajiri wataamka wakidhani ni mapema. Waliochelewa kulala wasipewe kazi ya kuita magari ya uwanja wa ndege.

Hoteli zikafuata treni. Chicago ina njia mbili tu za treni zinazotembea saa 24, Red Line na Blue Line. Nyingine husimama usiku. Hoteli ikawekwa katikati ya mji karibu na stesheni ya Grand au Lake, zote za Red Line. New York treni za chini ya ardhi hutembea usiku kucha, lakini si kila njia, na hilo tutaligusa. Times Square ikaachwa, hoteli ikahamia karibu na Mtaa wa 14 upande wa magharibi wa Manhattan. Hapo kuna treni ya L inayokwenda Brooklyn, treni ya A inayopanda Harlem, na klabu ya Jumatatu iko umbali wa kutembea.

Chicago: usiku miwili kwenye reli moja

Mgeni akiuliza “mtaa wa kujirusha Chicago ni upi” atapewa majina kumi. Kwa kundi hili jibu ni reli yenyewe. Fullerton kuna bluzi, Addison kuna klabu ya muziki wa hausi (house), Lawrence kuna jazi, na vituo vyote vitatu ni vya Red Line kaskazini mwa mji.

Alhamisi ni Green Mill, pale stesheni ya Lawrence, klabu ya jazi kongwe ambayo watalii huijia kwa hadithi za Al Capone, jambazi maarufu wa zamani, na kuondoka wakikumbuka ukimya. Seti ikianza, watu hawaongei. Ukiongea utanyamazishwa, na kundi lililokutana baada ya miaka mitatu lina mengi ya kuongea. Kwa hiyo walitakiwa wamalize habari za nyumbani kwenye chakula cha jioni kwanza. Hakuna kuwekewa nafasi. Anayewahi ndiye anayekaa. Watu saba (binamu na mwenzake wako kwingine) hawatakaa pamoja, na wasijaribu kuunganisha meza. Wagawanyike watatu, wawili na wawili, wafike kabla ya seti ya kwanza, wabebe fedha taslimu za kiingilio. Binamu hapa haingii. Kwa ajili yake kuna Jazz Showcase upande wa kusini wa katikati ya mji, klabu iliyoanzishwa 1947, inayopokea umri wote. Mtu mmoja mpenda jazi aliyekwenda naye huko hakupoteza chochote.

Ijumaa ndiyo usiku mnono. Mwanzoni mwa Juni hufanyika Chicago Blues Festival, tamasha la bure ambalo mji umekuwa ukiliandaa tangu 1984, na siku hizi jukwaa kuu liko Millennium Park, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Lake. Hapo umri si hoja. Wote tisa wanakaa kwenye nyasi mpaka saa 3 usiku, wanakula, halafu, binamu na mwenye zamu wakibaki, wengine wanapanda Red Line hadi Fullerton. Kingston Mines, klabu ya bluzi iliyoanzishwa 1968 na ambayo sasa iko Mtaa wa Halsted, ina majukwaa mawili: bendi moja ikipumzika ya pili inaanza, muziki haukatiki. Kwa kundi la watu wazima wa rika mchanganyiko ni mahali pa salama kuliko popote Chicago. Unaweza kukaa, unaweza kucheza, unaweza kuzungumza, na hakuna anayekutazama viatu.

Wawili waliotaka amapiano hawakuridhika, nao walikuwa na haki. Badala ya kuburuta kundi zima kutafuta usiku wa amapiano usiojulikana uko wapi Ijumaa hiyo, tuliwapeleka kwenye mzizi. Amapiano ilichipuka kwenye hausi ya Afrika Kusini, na hausi ilizaliwa Chicago. Jina lenyewe linahusishwa na klabu ya The Warehouse, ambako DJ Frankie Knuckles alianza kupiga 1977. Jengo hilo la Mtaa wa Jefferson lilipewa hadhi ya kumbukumbu ya mji mwaka 2023. Klabu iliyobaki hai kwenye mkondo huo ni Smartbar, chini ya ukumbi wa Metro, Mtaa wa Clark, iliyofunguliwa 1982. Kutoka Fullerton ni kupanda treni hadi Addison na kutembea kidogo. Kabla ya saa 6 usiku mtakuta ukumbi mtupu na kudhani mmedanganywa. Angalia pia ratiba ya timu ya besiboli ya Cubs: uwanja wao uko jirani, na usiku wa mechi baa zote za Clark hujaa mashabiki waliovaa jezi mpaka saa 5.

Saa za kufunga Chicago huwachanganya hata wenyeji. Baa ya leseni ya kawaida hufunga saa 8 usiku, na usiku wa Jumamosi saa 9. Yenye leseni ya ziada ya usiku hufunga saa 10 alfajiri, na usiku wa Jumamosi saa 11. Matokeo yake ni wimbi: baa za kawaida zikifunga, umati wote hukimbilia zile zenye leseni ya ziada, na foleni inayokuwa watu wanne inakuwa arobaini ndani ya dakika chache. Ingieni mnapotaka kumalizia kabla ya saa 7:30. Hiyo nusu saa ndiyo inayoamua.

New York: Brooklyn, Harlem, kisha Village Vanguard

Jumamosi wanalala. Tunalisema kama agizo: saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, simu kimya. Brooklyn haianzi mpaka saa 6:30 usiku, baa za New York zinaruhusiwa kuuza mpaka saa 10 alfajiri, na kundi linaloanza kunywa saa 12 jioni halifiki huko.

Mtaa ni kandokando ya stesheni ya Jefferson Street kwenye njia ya L. Elsewhere iko hapo, jengo lenye kumbi zaidi ya moja chini ya paa moja, na House of Yes iko umbali wa dakika chache. Elsewhere huandika umri kwa kila shoo. Chagua ya 18+ na binamu anaingia. Kumbi zaidi ya moja kwenye tiketi moja ni dawa ya kundi lisilokubaliana muziki. House of Yes ni ya mchezo na mavazi: ukija na suruali ya kazini na shati jeupe utajiona mgeni, na mlangoni utaelezwa kanuni ya kutomgusa mtu bila ridhaa yake. Wanamaanisha. Mwanamume anayeshika viuno vya watu kwenye uwanja wa kucheza hutolewa nje, na marafiki zake humfuata kwa aibu.

Tiketi zinunuliwe wiki mbili au tatu kabla, na kila mtu apakue programu yake. Tiketi za Dice, programu ya kuuza tiketi, hukaa ndani ya simu, na picha ya skrini iliyopigwa mapema haisaidii msimbo ukiwa bado haujatokea. Mmoja akinunua tisa, awahamishie wenzake mapema, wakiwa na intaneti ya hoteli. Kosa linalorudiwa sana ni la tarehe: sherehe inayoanza baada ya saa 6 usiku wa Jumamosi tovuti nyingine huiandika Jumapili, kwa maana siku imeshageuka. Watu wamenunua tiketi za wiki nzima baadaye kwa sababu hiyo tu.

Angalia mabadiliko ya treni ya mwishoni mwa wiki kwenye tovuti ya MTA, shirika la usafiri la New York, Ijumaa usiku, siyo Jumamosi mkiwa stesheni. Njia ya L hufungwa vipande kwa matengenezo mara kwa mara, na basi la badala huongeza nusu saa.

Msafiri makini ataona kwamba baa nyingi za zamani za Manhattan hazina nafasi ya kucheza. Kuna historia hapo: sheria ya jiji ya 1926 ilitaka ukumbi uwe na leseni maalumu ndipo wateja waruhusiwe kucheza, na ilifutwa mwaka 2017 tu. Miongo tisa ya kuogopa wakaguzi ilijengeka kwenye mpangilio wa meza.

Jumapili ni ya miguu iliyochoka. Harlem, Mtaa wa 116 Magharibi, ndipo penye migahawa ya Wasenegali, na mtu wa pwani atakutana na wali wa samaki ambao hatahitaji kuelezwa. Kwenye mtaa huohuo iko Silvana, yenye muziki wa moja kwa moja chini ya ghorofa, na dada yake, Shrine, iko juu zaidi kwenye Adam Clayton Powell. Kwa kawaida hakuna kiingilio; chombo cha bakshishi ya wanamuziki kinapita, na dola 10 kwa mtu ni heshima. Kurudi, jueni kwamba treni ya C haimo kwenye ratiba ya usiku wa manane: baada ya saa 5 usiku ni A inayosimama vituo vyote. Mgeni huisubiri C mpaka akate tamaa na kuita gari la dola 40.

Kabla ya kufunga ratiba ya Jumapili, angalieni S.O.B.’s ya Mtaa wa Varick. Ukumbi huo, tangu 1982, umekuwa mlango wa wanamuziki wa Afrika, Karibiani na Brazili kuingia New York. Ikitokea shoo inayowafaa siku hizo, ipewe kipaumbele juu ya Harlem, na tiketi zikatwe siku hiyohiyo mlipoiona.

Jumatatu, wakati miji mingine imezima taa, Village Vanguard hupigiwa na bendi yake kubwa ya jazi, desturi iliyoanza 1966. Klabu yenyewe ilifunguliwa 1935, iko chini ya ardhi, ina nafasi 123 tu. Watu tisa ni zaidi ya asilimia saba ya ukumbi, kwa hiyo msiende bila tiketi. Seti ni mbili, saa 2 na saa 4 usiku, kila moja na tiketi yake. Chukueni ya saa 4: ni usiku wa mwisho na hakuna wa kumwamsha mwenzake asubuhi.

Fedha, simu, na mambo yanayofukuzisha watu nchini

Msifungue bili moja ya watu tisa kaunta. Mhudumu ataomba kadi na kuiacha wazi, kila mtu ataagiza “kwenye ile ya kaka,” na saa 9 usiku kaka atasaini tarakimu asiyoielewa. Kila wawili wawe na bili yao, na ifungwe robo saa kabla ya taa kuwashwa. Someni bili kabla ya kuongeza bakshishi: makundi ya watu sita na zaidi mara nyingi huwekewa asilimia 18 hadi 20 tayari kwenye mstari ulioandikwa gratuity, na ukiongeza nyingine umelipa mara mbili. Kadi za benki za nyumbani zijulishwe safari, na mtu abebe kadi ya pili mfuko mwingine. Fedha taslimu dola 60 kwa usiku zinatosha.

Betri ya akiba moja kwa kila watu watatu. Mahali pa kukutana pakipotea mtu pawe pa chakula, siyo mlango wa klabu: baunsa hapendi watu wanaosubiri. Jiko la baa nyingi hufunga saa 4 au 5 usiku hata kama vinywaji vinaendelea mpaka alfajiri, kwa hiyo chakula kizito kiwe kabla. Magari ya programu huchukua watu wanne, makubwa sita. Tisa ni gari moja la kila aina, na mtu mmoja kwa kila gari ndiye anayeita.

Kunywa njiani ni kosa Chicago na New York. New Orleans mtu hutembea na kikombe cha plastiki katika French Quarter, na video za huko huwapotosha wengi.

Bangi imehalalishwa Illinois na New York, lakini sheria ya shirikisho bado inaikataza, na uhamiaji ni wa shirikisho. Mwenye viza akikiri kwa ofisa kwamba amevuta anaweza kuzuiwa kuingia mara nyingine. Kuendesha gari ukiwa umelewa ni baya zaidi: kukamatwa tu, hata kabla ya hukumu, kunatosha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kufuta viza. Vidonge na unga vya mtu msiyemjua msiviguse kabisa. Fentanili, dawa kali mno ya kutuliza maumivu, inachanganywa ndani yake na inaua kwa kiasi kidogo.

Kundi likibadilisha New York kwa Los Angeles, kisa kinageuka karibu chote. California husimamisha mauzo saa 8 usiku, watu hujaa kuanzia saa 4:30, treni hazikeshi, na mitaa iko mbalimbali. Hapo mtaa mmoja kwa usiku siyo ushauri tena, ni sharti: mnalala mnapochezea, au mnatenga dola 150 za magari kila usiku kwa watu tisa kabla hamjanunua hata maji.